Mgeni Aliyekataa Kujiunga

Mwaka 1906, klabu ya Rotary ya Chicago ikiwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, mwanachama mmoja aitwaye Frederick Tweed alimwendea wakili wa hataza, Donald Carter, akamsihi ajiunge. Akampa katiba aisome. Ilikuwa katiba fupi yenye malengo mawili tu: kuinua biashara za wanachama, na kukuza urafiki kati yao. Carter akaisoma, akairudisha. Alisema klabu inayojishughulisha na wanachama wake peke yao haina maisha marefu, na yeye haimvutii.

Tweed angeweza kununa. Unamkaribisha mtu kwako, naye kabla hajakaa anaanza kukosoa nyumba! Badala yake alimjibu kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoiokoa Rotary isife ikiwa changa: basi njoo utusaidie kuandika hicho unachoona kimepungua. Carter akaja. Lengo la tatu likaingizwa katika katiba, la kuutumikia mji wa Chicago na kuwatia wakazi wake moyo wa kuuonea fahari. Malengo mawili ya mwanzo yangeweza kuandikwa na genge lolote la wafanyabiashara. La tatu lililetwa na mtu wa nje.

Klabu hiyo ya Chicago, ambayo wenyewe huiita namba moja, ilitimiza miaka 120 tarehe 23 Februari 2025. Katika sherehe za namna hii hutajwa waasisi wanne, na ni haki yao. Lakini nimesoma historia ya chama hiki mara kadhaa, na kila mara naona mambo makubwa yakiletwa na aliyekuja kama mgeni: aliyealikwa kuzungumza, aliyepita njia, aliyekataliwa mlangoni. Wahenga walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui kama kuna klabu iliyoponywa na wageni kuliko hii.

Mwasisi wake mwenyewe alikuwa mgeni wa kudumu. Paul Harris alizaliwa Racine, jimbo la Wisconsin, mwaka 1868, lakini akiwa na miaka mitatu alipelekwa kulelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, Vermont. Alipohitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1891 hakufungua ofisi. Alijipa miaka mitano ya kutangatanga: akawa mwandishi wa gazeti, akafungasha zabibu kavu California, akajaribu uigizaji, akachunga ng'ombe, akawa karani wa usiku hotelini, akauza mawe ya marumaru, akavuka bahari kwenda Uingereza katika meli ya kubebea ng'ombe. Mwaka 1896 akatua Chicago, mji uliojaa watu waliotoka kwingine kama yeye, na upweke ukamkamata. Siku za Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, hakuwa na mlango wa kubisha hodi.

Jioni moja ya mwaka 1900 wakili mwenzake alimwalika chakula nyumbani kwake, kitongoji cha Rogers Park. Baada ya kula wakatoka kutembea. Kila duka walilopita, mwenyeji aliingia, akamsalimu mwenye duka kwa jina, akamtambulisha Harris. Ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa Kariakoo au Mji wa Kale, Mombasa, ambako kumpita muuza duka bila salamu ni kumtukana. Kwa Harris lilikuwa kama kurudishwa kijijini. Alilibeba moyoni miaka mitano kabla ya kulifanyia kazi.

Usiku wa Alhamisi, 23 Februari 1905, walikutana wanne katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, mtaa wa Dearborn: Harris wakili, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Hiram Shorey fundi wa suti, na Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, ambaye chumba kilikuwa ofisi yake. Shorey na Loehr hawakukaa sana, ni miaka michache tu kila mmoja. Jengo lilibomolewa mwaka 1989, ila wapenzi wa Rotary walikuwa wameshakiokoa chumba chenyewe, kikajengwa upya katika makao makuu ya Rotary mjini Evanston. Kwa hiyo mahali palipotunzwa kwa heshima hiyo ni ofisi ya mtu aliyepita tu.

Mwanzoni mikutano ilizunguka, leo ofisini kwa huyu, wiki mbili baadaye kwa yule, na jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Mwenye ofisi ndiye aliyekuwa mzungumzaji wa siku. Ilipofika zamu ya Schiele, wakaenda kwenye yadi yake ya makaa. Sharti lilikuwa kila kazi iwe na mtu mmoja tu, wakili mmoja, mpiga chapa mmoja, ili pasiwe na washindani mezani. Matokeo yake ni kwamba kila anayesimama anazungumza jambo ambalo wenzake wote hawalijui. Desturi ya msemaji mgeni, ambayo leo ni sehemu ya mikutano ya Rotary kuanzia Tokyo hadi Tororo, ilianzia hapo. Wanachama walipoongezeka, ofisi zikawa hazitoshi, wakahamia hotelini na kwenye meza za chakula.

Kulikuwa na utani mwingi, na utani huo ulikuwa na kanuni. Ilikatazwa kuitana "bwana". Kila mtu aliitwa kwa jina lake la kwanza, na aliyeteleza alitozwa faini. Asiyehudhuria naye alitozwa, senti 50. Hapa siwezi kujizuia kutabasamu, kwa sababu chama kilichoanza kwa kufuta vyeo kimekuja kwetu kikaota vyeo kama uyoga. Nenda mkutano wowote wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam usikie utambulisho: rais mstaafu fulani, gavana mstaafu fulani, msaidizi wa gavana mstaafu fulani, mpaka chakula kinapoa. Sisi heshima tunaipenda, na sidhani kama ni kosa. Harris angetutoza faini sote.

Mpiga chapa wao, Harry Ruggles, ndiye aliyeleta nyimbo. Husimuliwa klabuni kwamba jioni moja msemaji mgeni alianza kuteremka kuelekea mzaha wa aibu. Ruggles akaruka kitini kabla mwenzake hajamaliza, akapiga mayowe kuwaita wenzake waimbe, na ukumbi mzima ukamzima yule mgeni kwa wimbo. Sijaona njia bora zaidi ya kumnyamazisha msemaji bila kumtoa nje, na ningependa iruhusiwe kwenye harusi zetu. Kampuni ya Ruggles ndiyo iliyochapa kitabu cha kwanza cha nyimbo za Rotary, na ndiyo iliyochapa toleo la kwanza la gazeti la chama, Januari 1911. Mhariri alikuwa Chesley Perry, aliyewahi kufanya kazi maktaba ya mji, na ambaye alikuwa katibu mkuu wa chama hadi mwaka 1942. Tangu hapo habari za klabu moja zikawa zinasomwa na klabu nyingine: wamemwalika nani, wameanzisha nini, nani kafariki.

Rudi sasa kwa lengo la tatu la Carter, maana katiba ni karatasi. Kazi ya kwanza kubwa waliyoichagua haikuwa ya kupigiwa picha. Ilikuwa vyoo.

Chicago ya mwaka 1907 ilikuwa na mamia ya maelfu ya watu wanaoingia katikati ya mji kila siku, na aliyebanwa alikuwa na njia mbili. Mwanamume aliingia baa, akanunua bia ili apate haki ya mlango wa nyuma. Mwanamke aliingia duka kubwa, akajifanya anaangalia vitambaa. Klabu ilipoanza kudai vyoo vya umma, walioinuka kupinga ni hao hao waliofaidika na shida. Watengenezaji wa bia walisema baa zipo tele, mtu yeyote anaweza kuingia. Wenye maduka makubwa walisema wao pia wana vyoo, na vya bure. Wote wawili walisema kweli nusu, kwa sababu kilichowauma ni mguu wa mteja kupita nje ya mlango wao. Klabu iliunganisha nguvu na vyama vingine vya mji, ikabishana kwa takriban miaka miwili, na mwaka 1909 vyoo vikafunguliwa karibu na ofisi za serikali ya mji, kona ya mitaa ya Washington na LaSalle.

Napenda sana kwamba chama ambacho baadaye kingezungumza habari za amani ya dunia kilianza na jambo ambalo mama muuza samaki wa Feri angelielewa bila kuelezwa. Yeyote aliyewahi kushuka daladala katikati ya jiji akatafuta choo, akaambiwa "cha wateja tu", anajua ugomvi ule ulihusu nini.

Isidhaniwe kwamba lengo la tatu liliyafuta yale mawili. Klabu ya mwanzo ilikuwa na mtu maalumu wa takwimu, kazi yake kuorodhesha biashara ambazo wanachama wamepeana. Hilo liliwapa waandishi chakula cha miaka mingi. Sinclair Lewis alipotoa riwaya yake Babbitt mwaka 1922, alichora klabu ya wafanyabiashara wanaoitana majina ya utani, wanaoimba na kupigana migongo, na kila msomaji Marekani alijua anawacheka kina nani. Dhihaka ile ilikuwa na haki yake. Mtu anayekula chakula cha mchana na wateja wake kila wiki, akakiita huduma, anastahili kuchekwa kidogo. Hata wito wao wa miaka ile, uliotokana na hotuba za mwalimu wa biashara Arthur Sheldon, ulisema kwamba anayehudumu vizuri zaidi ndiye anayefaidi zaidi. Faida haikusahauliwa.

Mwaka 1917 mji huo huo wa Chicago ulizaa ndugu mwingine, Lions, chini ya Melvin Jones, muuza bima aliyechoka na klabu yake kuzungumza biashara tupu. Namtaja kwa sababu ya mgeni mmoja. Tarehe 30 Juni 1925, katika mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio, jukwaani alipanda Helen Keller, mwanamke wa miaka 45, kipofu na kiziwi tangu utotoni. Alijifananisha na bahati inayobisha hodi mlangoni mwao, akawaomba wamchukue yeye na vipofu wote kuwa kazi yao. Lions waliichukua kazi hiyo iwe yao tangu siku hiyo. Miaka mitano baadaye rais wa klabu yao ya Peoria, Illinois, alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona. Klabu ikapaka fimbo rangi nyeupe na kuizungushia mshipi mwekundu. Hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi, ni mjukuu wa hotuba ile. Sijui hotuba nyingine ya mgeni wa klabu iliyodumu hivyo.

Rotary ya Chicago ilikuwa na hazina yake nyingine ndani. Herbert Taylor alikabidhiwa mwaka 1932 kampuni ya sufuria iliyokuwa inazama kwa madeni. Aliinamisha kichwa mezani, akaandika maswali manne ya kupimia kila neno na kila tendo la kampuni: kama ni la kweli, kama ni la haki kwa wote, kama litajenga urafiki, kama litamnufaisha kila anayehusika. Kabla ya kuyatumia aliwaita wakuu wa idara wanne, wa madhehebu na dini tofauti, akawauliza kama kuna lolote linalopingana na imani yao. Rotary iliyachukua rasmi mwaka 1943. Kwetu yamebandikwa kwenye kuta za shule na kwenye mabango ya njia panda, mara nyingi kando ya bango la mtu anayeomba kura.

Kuna mlango mmoja ambao klabu haikuufungua kwa hiari, nao ni wa wanawake. Miaka 70 na zaidi walikaribishwa kama wake za wanachama, kama wasemaji, kama wahudumu wa chakula. Mwaka 1977 klabu ndogo ya Duarte, California, iliyokuwa ikipungukiwa watu, iliwapokea wanawake watatu. Mwaka uliofuata ikafukuzwa chamani. Wana-Duarte waliendelea kukutana, wakajiita Rotary wa zamani, wakaweka alama ya X juu ya nembo, wakaenda mahakamani. Tarehe 4 Mei 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji saba kwa sifuri, kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa. Mwaka 1989 baraza la chama likafuta neno "wanaume" katika masharti ya uanachama dunia nzima. Mwaka ule wa hukumu Duarte ilikuwa na rais mwanamke, Sylvia Whitlock, wa kwanza duniani. Waliofukuzwa ndio waliokiongezea chama nusu ya binadamu. Ilichukua hadi 2022 mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, akalie kiti cha urais wa Rotary yote.

Afrika ilipokea klabu yake ya kwanza Johannesburg mwaka 1921. Nairobi ilifuata 1930, Dar es Salaam 1949, Kampala 1957, zote zikizaliwa katika miji iliyopangwa kwa rangi ya ngozi, na meza zao hazikuwa tofauti na miji yao. Historia hiyo haifai kupakwa chokaa. Lakini tazama ilikofika: mwaka 1978, mji wa Kampala ukiwa bado chini ya Idi Amin, alijiunga na klabu mtu wa Tororo aitwaye Sam Owori. Miaka 39 baadaye alikuwa ameshateuliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia kwa mwaka 2018 hadi 2019, Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Alifariki Julai 2017, kabla hajaapishwa. Waganda wengi wasio na uhusiano wowote na Rotary walimlilia kama wao.

Na polio. Kampeni ya Rotary iliyotangazwa mwaka 1985 ililenga kukusanya dola milioni 120. Ilipofika 1988 zilikuwa zimepatikana milioni 247. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio. Kizazi changu kinakumbuka mtu mwenye chupa ya matone akigonga mlango, na alama ya wino kidoleni mwa mtoto. Wachache walijua kwamba sehemu ya gharama ya wino ule ilichangwa mezani, penye sahani za kuku.

Mezani pa namna hiyo niliwahi kukaa. Klabu moja ya Dar es Salaam, sitaitaja, iliniita nizungumze kuhusu historia ya magazeti ya Kiswahili. Nilipewa dakika 20. Kengele ya shaba ilipigwa, tukaimba wimbo wa taifa, tukala wali na kuku. Kisha ikaja sehemu ambayo sikuitarajia, ya habari za wanachama. Mhasibu mmoja alisimama akasema mama yake katoka hospitali, akaweka noti ya elfu kumi kwenye kikapu kwa furaha. Daktari mmoja akatozwa kwa kuonekana kwenye gazeti bila kuwaarifu wenzake. Simu ikalia, mwenyewe akaanza kutoa pochi kabla hajaambiwa. Bibi mmoja wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema mwanawe amefeli mtihani wa bodi kwa mara ya pili, lakini anatoa elfu tano vilevile kwa kuwa kijana amekubali kurudia. Hapo hakuna aliyecheka. Mhasibu aliyekaa jirani yake alimwegemea akamnong'oneza, nikasikia akimwambia, "Mlete Jumamosi, tutapitia naye."

Hotuba yangu ilikwenda ovyo. Projekta iligoma, picha zangu za magazeti ya zamani zikabaki kwenye kompyuta, nikazungumza mikono mitupu. Mwishoni mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho muda wote, nikidhani kalala, aliuliza magazeti yale yaliuzwa shilingi ngapi na nani alikuwa na uwezo wa kuyanunua. Sikuwa na jibu, na swali lake ndilo lililonipa makala yangu iliyofuata.

Wakati wa kuondoka katibu alinipa daftari la wageni nitie sahihi. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya kazi, na safu ya klabu unayotoka. Hiyo ya tatu nikaweka mstari. Akaitazama, akafungua mkoba, akatoa fomu ya kujiunga. Nikamuuliza kama ana nakala ya katiba, maana ningependa kuisoma kwanza.